Kwa nini timu za besiboli Marekani huwaalika kambini warushaji wakongwe ambao karibu wote hutemwa?

#1 Mkaazi wa Mesa

Wakuu, salamu. Kila Februari, orodha za walioalikwa katika kambi za mazoezi ya kabla ya msimu za Arizona na Florida zinapotangazwa, swali hili hunirudia. Kila timu ya ligi kuu ina orodha yake ya wachezaji 40 wenye mikataba kamili, na msimu unapofunguliwa mwishoni mwa Machi ni 26 tu wanaobaki kikosini, tena warushaji, yaani wale wanaowatupia wapigaji mpira, hawaruhusiwi kuzidi 13. Pamoja na ufinyu huo, timu huita watu wengine 20 au 30 kutoka nje ya orodha, na miongoni mwao hakosi mrushaji wa miaka 36 au 38 aliyetoka kwenye upasuaji, au ambaye hajaonekana ligi kuu kwa misimu miwili. Huvaa jezi namba 73, hurusha inningi (kipindi cha mchezo) moja au mbili mbele ya mashabiki wanaopasua karanga, na kabla ya mwezi kwisha jina lake liko kwenye taarifa ya waliotemwa.

Dai langu ni kwamba mialiko hii ni fadhila. Wakala anaomba, meneja mkuu anakubali ili asiharibu uhusiano na wakala huyo, na mkongwe anapewa nafasi ya kuaga kwa heshima. Anayeona vinginevyo anieleze, lakini kwa mifano.

#2 Hesabu Kwanza

Fadhila ni pale mtu anapotoa kitu chenye thamani kwake, na hapa timu haitoi karibu chochote. Mkongwe wa aina hiyo husaini mkataba wa ligi ndogo, yaani wa timu za chini za kulea wachezaji, wenye kifungu cha mwaliko, kwa hiyo hachukui nafasi hata moja katika orodha ya 40, na hakuna mtu anayelazimika kuondolewa ili yeye aingie. Mishahara ya ligi kuu huanza kulipwa msimu unapofunguliwa; kambini ni posho, chakula na malazi. Akifaulu, mara nyingi hulipwa kima cha chini au zaidi yake kidogo, na kima hicho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, kiasi ambacho hakimkoseshi usingizi mhasibu wa timu inayolipa wachezaji wake dola milioni 200 kwa mwaka.

Mfano umeutaka, huu hapa. Mwaka 2012 Scott Kazmir alikuwa akirusha Sugar Land, Texas, katika ligi isiyofungamana na timu yoyote kubwa, na hata huko takwimu zake zilikuwa mbaya. Cleveland walimwalika kambini mwaka 2013 kwa mkataba wa ligi ndogo. Alipata nafasi, akamaliza msimu akiwa ameandikiwa, kama mrushaji, ushindi 10 dhidi ya kushindwa 9, na baada ya hapo Oakland wakamsainisha miaka miwili kwa dola milioni 22. Cleveland walipata mrushaji wa kuanza mechi kwa msimu mzima kwa bei ambayo sokoni isingewapatia hata nusu ya mtu huyo.

#3 Bi Inningi

Hesabu ya fedha ni sahihi, lakini kuna hesabu nyingine ambayo watu huisahau. Mimi naishi Fort Myers, ambako Red Sox na Twins wote wawili wana kambi, na hutazama mechi hizi kila mwaka. Timu hucheza takriban mechi 30 za majaribio, kila moja ikiwa na inningi 9, hivyo kuna inningi zipatazo 270 za kurushwa kabla msimu haujaanza. Warushaji wakubwa hawawezi kuzibeba, kwa sababu wanaujenga mkono taratibu: mwishoni mwa Februari hurusha inningi moja au mbili, na hufika tano au sita Machi inapokaribia kwisha. Kuna siku nyingine timu hugawanyika mara mbili na kucheza katika miji miwili tofauti saa ileile. Lazima apatikane mtu wa kurusha hizo inningi zilizobaki, na mtu huyo ndiye mzee wako wa jezi namba 73.

#4 Mkaazi wa Mesa

Bi Inningi, nimekuelewa, ila hilo linaeleza kwa nini wanahitajika watu, halielezi kwa nini wanahitajika wazee. Viwanja vya vijana wa ligi ndogo viko nyuma ya uwanja mkubwa, mwendo wa dakika tano kwa miguu, na vimejaa warushaji wa miaka 22 wanaotamani kuitwa hata kwa inningi moja. Kwa nini asiitwe mmoja wao?

#5 Tabibu wa Kiwiko

Huitwa, tena kila siku, lakini kuna mpaka. Mimi ni mtaalamu wa viungo, na kazi yangu ni mabega na viwiko vya wanamichezo wa vyuo. Mrushaji wa miaka 22 anayemwona meneja wa ligi kuu amekaa kwenye benchi la ufundi hutupa kila mpira kwa nguvu zake zote, wakati mkono wake haujafikia hali ya kuhimili mzigo huo. Mkongwe anajijua, ameshajua kwamba inningi yake ya kwanza ya Machi haimpi mtu ajira. Timu iliyowekeza mamilioni kwa kijana haina haraka ya kumtumia kujaza pengo la mechi isiyo na alama za msimamo.

Jambo la pili ni majeruhi. Tangu Dkt. Frank Jobe alipomfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kano ya kiwiko mwaka 1974, operesheni hiyo imekuwa ya kawaida kiasi kwamba kila timu inajua kambi haitakwisha bila mrushaji wake mmoja kushika kiwiko. Siku hizi timu moja hutumia warushaji zaidi ya 25 katika msimu mmoja. Mkongwe aliyealikwa ni tairi la akiba: hakuna anayelinunua akitarajia kulitumia, lakini hakuna anayesafiri bila nalo.

#6 Mwana wa Bronx

Tabibu, tairi lako la akiba kuna mwaka liliendesha gari zima. Kabla ya msimu wa 2011 Yankees walimtaka mrushaji Cliff Lee, naye akaenda Philadelphia. Kisha mrushaji wao Andy Pettitte akastaafu mwezi wa Februari. Wakabaki na mapengo mawili ya warushaji wa kuanza mechi na soko limekwisha. Kambini walikuwapo Bartolo Colón, ambaye hakucheza ligi kuu mwaka mzima wa 2010, na Freddy García, wote kwa mikataba ya ligi ndogo. García alishinda mechi 12, Colón 8, na Yankees wakashinda kundi lao. Hiyo ni timu ambayo malipo yake ya wachezaji mwaka huo yalipita dola milioni 200, lakini iliokolewa na watu wawili ambao karibu kila mtu alikuwa amewafuta.

Nisisitize kwamba Colón alikuwa mshindi wa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora, ya mwaka 2005, hivyo hawakuwa wakiokota mtu asiyejulikana barabarani.

#7 Shabiki wa San Francisco

Kwa kuongeza, Ryan Vogelsong aliingia kambi ya Giants mwaka huohuo wa 2011 bila ya kuwa kwenye orodha ya 40. Hakuwa amerusha ligi kuu tangu 2006, alikuwa amekaa Japani miaka mitatu na timu za Hanshin na Orix, na umri wake ulikuwa miaka 33. Akashinda nafasi kambini, akamaliza msimu na ushindi 13 na kushindwa 7, wastani wa pointi alizoruhusu ukiwa 2.71 tu kwa kila inningi 9, na akachaguliwa kwenye mechi ya nyota.

#8 Mchunguzi

Takwimu ni sahihi ila mpangilio wa matukio si huo. Vogelsong hakushinda nafasi kambini. Kambi ilipokwisha alipelekwa Fresno, ligi ndogo, na aliitwa Aprili baada ya mrushaji Barry Zito kuumia mguu. Tofauti hii ina uzito katika mjadala wetu, kwa sababu inaonyesha kwamba kambi huenda isiwe mtihani wa kupata ajira siku ya ufunguzi. Ni mahali pa kumtazama mtu wiki sita ili Aprili simu ikipigwa, benchi la ufundi liwe linajua linamwita nani.

Giants ndio waliomchagua kutoka chuoni mwaka 1998 kabla ya kumpeleka Pittsburgh mwaka 2001 katika biashara ya kubadilishana iliyomleta mrushaji Jason Schmidt. Kwa hiyo Mkaazi akitaka kudai kwamba kulikuwa na chembe ya uhusiano wa zamani ndani yake, simkatalii.

#9 Mkaazi wa Mesa

Naichukua chembe hiyo kwa mikono miwili. Lakini tazameni mnavyofanya: Kazmir, Colón, García, Vogelsong. Mnawahesabu waliofika. Johan Santana, mwenye tuzo mbili za Cy Young, aliyewarushia Mets mechi yao ya kwanza bila mpigaji hata mmoja kupata pigo safi, Juni 2012, alialikwa na Baltimore mwaka 2014, akachanika kano ya kisigino kabla ya kurejea. Mwaka uliofuata Toronto wakamwalika, na hakurusha tena ligi kuu. Mark Mulder hakuwa amecheza tangu 2008. Angels walimwalika mwaka huohuo wa 2014, naye akachanika kano ya kisigino mazoezini hata kabla ya mechi ya kwanza ya kambi. Dontrelle Willis, aliyeshinda mechi 22 mwaka 2005, alitoka katika mechi yake ya kwanza ya kambi ya Cubs mwaka 2013 baada ya mirusho michache tu, bega limemkatalia. Kama hii ni biashara, ni biashara ya ajabu.

#10 Hesabu Kwanza

Mkaazi, umetaja majina matatu na hasara ya timu katika yote matatu ni tiketi za ndege na chumba cha hoteli. Ndiyo maana hoja ya «karibu wote hutemwa» hainitikisi. Ukinunua kitu kwa bei ya karibu na bure, huhitaji kifaulu mara nyingi.

#11 Mlima Colorado

Naomba tusimsahau Jamie Moyer, aliyeshinda mechi akiwa na miaka 50 baada ya kualikwa na Rockies. Nilikuwepo Denver mwaka ule na mji mzima ulikuwa ukimzungumzia.

#12 Mchunguzi

Miaka 49 na siku 151, tarehe 17 Aprili 2012, dhidi ya San Diego. Ndiye mrushaji mwenye umri mkubwa kuliko wote kushinda mechi ya ligi kuu.

#13 Mlima Colorado

Sawa, Mchunguzi, siku 215 zilizobaki nimekuachia. Ninachotaka kusema ni kwamba Moyer alikosa msimu mzima wa 2011 kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, mpira wake ulikuwa haufiki hata maili 80 kwa saa, na bado Rockies walimwalika. Sidhani walimwalika kwa matarajio ya ushindi mwingi, na kweli aliishia na ushindi 2 na kushindwa 5 kabla ya kuachwa. Warushaji wa timu ile walikuwa vijana. Drew Pomeranz, kwa mfano, alizaliwa baada ya Moyer kucheza mechi yake ya kwanza Juni 1986, siku aliyomshinda Steve Carlton. Mtu aliyedumu ligi kuu kwa kasi ndogo kiasi kile anajua jinsi ya kumsoma mpigaji, jinsi ya kupumzika kati ya mechi, na jinsi ya kurudi baada ya kupigwa vibaya. Nasema timu humleta mkongwe ili awe mwalimu asiye na cheo cha ualimu.

#14 Bi Inningi

Hoja ya ualimu huisikia kila mwaka kwenye mahojiano, na mimi huipokea kwa tahadhari. Timu zina makocha wa warushaji, wachambuzi wa takwimu na kamera zinazopima mzunguko wa kila mpira. Kama kazi ni kufundisha, mwajirini kama kocha. Moyer mwenyewe ni ushahidi dhidi yako: mwaka 1992 Cubs walimtema kambini na kumpa kazi ya ukocha, akaikataa, na baada ya hapo akashinda mechi zaidi ya 200. Laiti angekubali kuwa mwalimu mwaka ule, leo tusingekuwa tukibishana kuhusu siku 151.

#15 Kocha wa Jinja

Habari zenu. Mimi hufundisha besiboli kwa vijana hapa Uganda, na kwetu mchezo huu si mgeni sana: timu ya watoto wa Lugazi ilifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki fainali zile za dunia za besiboli ya watoto, na mwaka 2022 Dodgers waliwasajili vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Naomba niunge mkono Mlima Colorado kwa sehemu. Kijana anayekulia mbali na mchezo huu akifika kwenye mfumo wa timu ya Marekani huwa na kasi, lakini hajui siku ya kazi ya mrushaji inafananaje: anyooshe mwili muda gani, atupe mirusho mingapi ya mazoezi, ale nini, aseme lini kwamba bega linauma. Kocha humwambia, naye humwitikia «ndiyo, kocha». Mchezaji mwenzake wa miaka 37 anayevua jezi pembeni yake humwonyesha bila kumwambia. Kwangu hilo ni jambo jingine kabisa na ukocha.

#16 Bi Inningi

Kocha, hilo la «ndiyo, kocha» limenigusa, kwa maana nina mpwa wangu anayerusha chuoni na humjibu kocha wake vivyo hivyo huku kiwiko kimevimba. Nalikubali kama faida ya ziada. Bado silikubali kama sababu ya kumwalika.

#17 Wakili wa Benchi

Nimesoma kimya hadi hapa na nashangaa hakuna aliyegusa muda wa utumishi, ambao kwangu ndio sababu iliyofichwa. Mchezaji huhesabiwa mwaka kamili akikaa ligi kuu siku 172, na akifikisha miaka 6 anakuwa huru kuuza huduma yake kwa yeyote. Timu yenye kijana hodari ikimwacha ligi ndogo wiki mbili au tatu za mwanzo, inapata mwaka mmoja zaidi wa kummiliki. Cubs walifanya hivyo kwa Kris Bryant mwaka 2015; aliambulia siku 171, akalalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa. Bryant ni mpigaji, lakini hesabu ya warushaji ni hiyohiyo. Sasa, timu haiwezi kusema hadharani kwamba inachezea kalenda. Inahitaji mtu wa kuwa pale Aprili, mwenye jina linaloheshimika, ili meneja aseme «mkongwe wetu amestahili nafasi hii». Mkongwe huyo ndiye pazia.

#18 Hesabu Kwanza

Wakili, hoja hiyo ilikuwa na nguvu zaidi zamani kuliko sasa. Makubaliano ya mwaka 2022 yaliweka kwamba mchezaji mpya akimaliza wa kwanza au wa pili katika kura za mchezaji bora chipukizi hupewa mwaka kamili hata kama aliitwa kwa kuchelewa, na timu nayo inaweza kupata nafasi ya ziada ya kuchagua wachezaji wapya ikimwanzisha mapema kijana anayestahili. Motisha imepungua. Sisemi imekwisha.

#19 Wakili wa Benchi

Kupungua si kuisha, umesema mwenyewe. Tena makubaliano hayohayo yana upande wa mkongwe ambao mnapaswa kuujua. Mwenye utumishi wa miaka 6 au zaidi aliyemaliza msimu uliopita ligi kuu, akisaini mkataba wa ligi ndogo mapema, ana tarehe tatu za kudai aachiliwe endapo hajapandishwa kikosini: siku 5 kabla ya ufunguzi, Mei 1, na Juni 1. Kwa hiyo yule anayeonekana kupokea fadhila ana saa yake mkononi. Anakuja kambini kwa timu moja, lakini anarushia macho ya timu zote, maana viti vya nyuma ya mdakaji vimejaa maskauti wa timu nyingine na wa ligi za Japani na Korea. Timu iliyomwalika wakati mwingine haifaidiki kabisa.

#20 Shabiki wa San Francisco

Mfano wa hilo ni Rich Hill. Mapema mwaka 2015 alikuwa na Washington kwa mkataba wa ligi ndogo, wakaachana, akaenda kurusha Long Island katika ligi isiyofungamana na ligi kuu, akiwa na miaka 35. Red Sox wakamchukua, na huko kwenye ligi yao ndogo mchambuzi wao Brian Bannister akamshawishi atumie mpira wake wa kujipinda mara nyingi zaidi kuliko alivyozoea. Septemba alianza mechi nne tu za ligi kuu na wapigaji wakawa hawaoni mpira. Oakland wakampa dola milioni 6, kisha Dodgers dola milioni 48 kwa miaka mitatu. Washington walikuwa naye mkononi.

Na hili linaleta sababu ambayo haijasemwa: siku hizi timu haimwaliki mkongwe kwa vile alivyo. Inamwalika kwa sababu mchambuzi mmoja ofisini ameona kwamba mpira wake mmoja, ambao haurushi mara nyingi, una thamani kubwa kuliko anavyojua mwenyewe.

#21 Tabibu wa Kiwiko

Shabiki, katika mkondo huo R.A. Dickey hapaswi kuachwa. Rangers walipomchagua mwaka 1996 walikuwa wamemwahidi dola 810,000, lakini daktari alipogundua kwamba hana kabisa ile kano ya kiwiko ambayo wenzake hufanyiwa upasuaji, wakashusha hadi 75,000. Miaka ilipopita akabadilika na kuwa mtaalamu wa mpira usiozunguka, ule unaoyumba hewani hadi mdakaji wake mwenyewe haujui unakwenda wapi. Mets walimwalika kambini mwaka 2010, wakamtema miongoni mwa wa mwanzo kabisa, kisha wakamwita Mei. Mwaka 2012 alishinda mechi 20 na kutwaa Cy Young.

#22 Mchunguzi

Na usiishie hapo. Desemba 2012 Mets walimpeleka Toronto na kupata, miongoni mwa wengine, Noah Syndergaard na Travis d'Arnaud, ambao wote wawili walicheza fainali ya mwaka 2015. Mkataba mmoja wa ligi ndogo wa mtu wa miaka 35 ulizaa mrushaji na mdakaji wa timu iliyofika fainali. Nadhani kila ofisi ya besiboli ina mtu anayeikumbuka hesabu hiyo kila Januari.

#23 Mwana wa Bronx

Mimi naongeza sababu ambayo mtaiona ya kitoto: watu wanampenda. Tiketi za mechi za kambi zinauzwa, na mwanamume mnene mwenye miaka 42 anayepiga mpira ukavuka uzio, kama Colón alivyofanya San Diego mwaka 2016, hujaza viti kuliko kijana asiyejulikana.

#24 Hesabu Kwanza

Mwana wa Bronx, ule mkwaju alioupiga Colón haukuwa wa kambi, na wakati ule alikuwa na mkataba kamili na Mets. Kama ni tiketi, mashabiki wa Arizona hununua kwa ajili ya jua la Machi na hawajui nani anarusha hadi wafike getini.

#25 Mkaazi wa Mesa

Hilo la jua nakubaliana nalo, mimi ni mmoja wao. Wakuu, nimewasoma nyote na nawashukuru. Tumefika mahali ambapo mkongwe ni mfanyakazi wa bei nafuu, mbeba inningi, tairi, mwalimu, pazia, mali ya maonyesho na siri ya mchambuzi, na kila mmoja ana jina la mtu la kuthibitisha. Bado nashikilia sehemu ya dai langu. Kama sababu zote hizi zingekuwa za kibiashara tupu, timu ingemwalika zaidi mrushaji wa miaka 28 aliyekwama ligi ndogo, ambaye naye ni bei nafuu, hubeba inningi, na ana miaka kumi mbele yake. Kwa nini nafasi hiyo hupewa mwenye jina?

#26 Wakili wa Benchi

Kwa sababu mwenye miaka 28 ambaye bado anamilikiwa na timu yake huwezi kumwalika, hayuko sokoni. Anayepatikana Januari bila kulipia ni aliyeachwa na wenzake, na wengi wa walioachwa ni wazee.

#27 Mkaazi wa Mesa

Si kweli kwa wote. Baada ya misimu kadhaa katika ligi ndogo bila kupandishwa kwenye orodha ya 40, mchezaji huwa huru, na kila Novemba soko hupokea mamia ya watu wa namna hiyo wenye miaka 25 hadi 29. Hao pia hualikwa, lakini mkongwe aliyewahi kuwa nyota huitwa kwanza na hutangazwa kwa picha.

#28 Bi Inningi

Huyo mwenye miaka 28 yupo kambini, Mkaazi, ila wewe huwa umeshaondoka uwanjani. Yeye hurusha inningi ya saba hadi ya tisa, wakati wapigaji wakubwa wamekwishaoga na watu wanatafuta magari yao. Mkongwe hupewa inningi za mwanzo, dhidi ya wapigaji wa kweli, kwa kuwa swali juu yake hujibiwa haraka: ama bado anaweza kuwatoa watu hawa au hawezi.

Kwa wanaokwenda uwanjani mwezi ujao, na wanaotaka kupima kama mwaliko ni wa heshima tu au una nia ndani yake, tazameni mambo mawili. Angalieni kama anaingia mapema mechini, na kama wiki ya tatu anaongezewa kutoka inningi moja hadi tatu. Akiachwa kwenye inningi moja hadi katikati ya Machi, anajazia ratiba. Akifika inningi nne, kuna kijana kwenye orodha ya 40 anayepaswa kuanza kuwa na wasiwasi.

#29 Mwana wa Bronx

Na akiwa ni mwenye miaka 44? Rangers walimwalika Colón mwaka 2018 kwa mkataba wa ligi ndogo, akapata kazi, na tarehe 15 Aprili akawarushia Houston, mabingwa watetezi, inningi saba bila mtu hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Hesabu Kwanza, nijibu hiyo kwa fomula.

#30 Hesabu Kwanza

Naijibu: msimu huo alimaliza na ushindi 7 na kushindwa 12, na Rangers wakawa wa mwisho katika kundi lao.